Milioni 20, Bunju mpaka Posta: Mark X, Subaru au IST?

Swali la msomaji: Shikamoo fundi. Nina miaka 29, naishi Bunju na kazi yangu iko Posta. Nimeweka akiba mpaka nimefika milioni 20, na hiyo ndiyo kila kitu: gari, ushuru, bima. Nataka gari la kwenda nalo kazini kila siku, ila lisiwe zembe. Nikikanyaga, liitike. Marafiki wananiambia nichukue Mark X. Kaka yangu anasema nichukue IST niache utoto. Ofisini kuna jamaa ana Subaru Impreza, anaisifia sana, lakini kila mwisho wa mwezi namsikia yuko gereji. Je, kwa hela yangu lipo gari lenye kasi lisilolala njiani? Niagize Japani au nichukue la mkononi? Halafu nikishalipata nataka kulifunga rimu za inchi 18, kuna ubaya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni matatu ila la kwanza ndilo lenye nyama, nitakaa hapo zaidi.

Tuanze na njia yako. Bunju mpaka Posta ni kilomita thelathini na ushee kwa Barabara ya Bagamoyo. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, barabara ni yako. Ukichelewa mpaka saa kumi na mbili na nusu, pale Wazo unalikuta lori la saruji, mbele yake daladala, mbele ya daladala bodaboda tatu zinagombea abiria mmoja, na kutoka hapo mnakokotana mpaka Mwenge. Kwenye njia hiyo utafika 140 saa ngapi? Palipo wazi kuna matuta, palipo na makazi kibao kinasema 50, na chini ya mwarobaini amekaa askari na tochi yake. Faini ni elfu 30.

Kwa hiyo kasi unayoitaka wewe, hata kama hujaiita hivyo, ni ya kuchanganya. Kutoka 20 kwenda 80. Lori limepunguza mwendo, kulia umepata nafasi ya sekunde nne, unakanyaga, na hapo ndipo unajua kama una gari au una kiti chenye magurudumu. Mwendo wa mwisho ulioandikwa kwenye dashibodi ni pambo tu.

Kuchanganya kunaletwa na nguvu ya injini ukiigawanya kwa uzito inaoubeba. Dalali atakutajia nguvu peke yake. Wewe chukua uzito wa gari, gawa kwa idadi ya farasi, uone kila farasi mmoja kapewa kilo ngapi. Mark X ya kwanza, ile ya 2004 mpaka 2009 yenye injini ya 2.5, ina farasi 215 na uzito wa karibu kilo 1,500, kwa hiyo kila farasi anabeba kilo 7. Suzuki Swift Sport ya miaka ya 2005 hadi 2010, injini ya 1.6, ina farasi 125 na uzito wa kilo 1,060 hivi: kilo nane na nusu kwa farasi. IST ya zamani ya 1.5 ina farasi 109, inaangukia kwenye kilo tisa na nusu. Impreza kama ya jamaa yako, ikiwa ni ile ya 1.5 ya kuanzia 2007, ina farasi 110 tu na uzito unaopita kilo 1,200. Kila farasi pale anabeba zaidi ya kilo 11. Usimwambie, lakini ukitoka naye kwenye taa za Morocco ukiwa na IST ya kaka yako, atakuona mgongo.

Sasa tuyapitie moja moja.

Mark X nisikudanganye, ni gari tamu. Silinda sita, gia sita, inavuta matairi ya nyuma, na ukikaa ndani unajiona mkurugenzi. Injini yake si mbovu. Ila angalia inakotumika. Injini ya V6 kwenye foleni ya Tegeta inakunywa mafuta ikiwa imesimama, na bei ya mafuta EWURA wanaitangaza upya kila mwezi bila kukuuliza mshahara wako. Plagi ziko sita, koili sita, mafuta yanapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo pampu na nozeli zake hazina bei ya masihara, na vali za kuingiza hewa hujijengea masizi kwa sababu hakuna petroli inayopita kuziosha. Na gari liko chini. Kama Bunju yako ni ile ya kuingia ndani kwa barabara ya vumbi, mvua ya masika moja tu inatosha bampa la mbele kupata historia. Ungekuwa unakaa Upanga na una gari jingine la shughuli, ningekuambia chukua. Kwa milioni 20 ambazo ndizo za kwanza na za mwisho, hapana.

Kuhusu Subaru, watu wanaionea kidogo. Injini yake haina laana. Shida ni kwamba injini nyingi za EJ, ukoo wa injini za Subaru, tunazoziona hapa zina mkanda wa taimingi, na mkanda huo unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Mjapani anajua hilo, kwa hiyo anaiuza ikiwa na 95,000. Inatua bandarini, mnunuzi anaambiwa "kilomita chache hizo kaka", anakwenda nayo Arusha sikukuu mara mbili, mkanda unakatika, vali zinagongana na pistoni. Baada ya hapo hutasikia mtu akisema hakubadilisha mkanda. Utasikia tu kwamba Subaru ni mbovu. Ongeza na mafundi wanaojifunzia kwenye gari la mteja, kwani silinda zile zimelala ubavu na hata kubadili plagi kunataka mtu aliyewahi kuifanya. Ukiwa na fundi wake wa kweli na akiba ya mkanda, pampu ya maji na gasketi, Subaru ni gari. Yenye turbo niiache kabisa, maana turbo inataka oili safi kwa wakati na mmiliki asiye na haraka ya kuzima injini, na mmiliki wa kwanza hapa Dar mara nyingi hakuwa hivyo.

IST. Hapa kaka yako ana hoja, ila hakuimalizia. Watu wengi wanajua IST ya 1.3 na ya 1.5. Kwenye toleo la pili, lililoanza 2007, Toyota walitoa pia ya 1.8. Injini yake ni 2ZR, ya ukoo mmoja na ile ya Auris na Allion za miaka hiyo, na Marekani waliiuza gari hilohilo kwa jina la Scion xD. Ina farasi kama 130 kwenye gari la kilo 1,200 hivi, kwa hiyo farasi wake anabeba kilo tisa na kidogo. Kwa karatasi haijaipita sana ile ya 1.5 ya zamani, lakini barabarani ni vitu viwili tofauti, kwa sababu injini ya 1.8 inavuta kuanzia chini. Huhitaji kuipigisha kelele ndipo isogee. Na wewe, kama nilivyosema, unaishi kati ya 20 na 80.

Uzuri wake mwingine ni kwamba haijulikani. Mwenye yadi anaiweka mstari mmoja na za 1.5. Utaitambua kwa chesisi: ya 1.8 inaanza na ZSP110, ya 1.5 inaanza na NCP110. Kwenye kadi ujazo wa injini utasomeka 1,790 na ushee badala ya 1,490 na ushee. Taimingi yake ni ya cheni, petroli inapuliziwa kwenye njia ya hewa kama zamani, gia boksi ni ya otomatiki ya gia nne isiyo na ujanja, na spea nyingi za bodi na miguu utazikuta Kariakoo na Ilala bila mtu kukuambia "subiri meli". Ni chache, lazima uitafute. Ukiipata nzima, hiyo ndiyo ningeinunua kwa hela yako.

Ukiikosa, nenda Swift Sport. Hiyo ni gari ya kuendesha: usukani mwepesi, imekaa imara kwenye kona, ya gia za mkono inachekesha dereva saa zote. Ila spea za miguu na bodi ya Sport si zote zinazoingiliana na Swift ya kawaida, na kiti cha nyuma ukimpandisha mama mkwe atakusema. Auris ya 1.8 nayo ni chaguo la heshima, ila nyingi zina gia boksi ya CVT, ile isiyo na gia za kupanda moja moja, ambayo ukikanyaga inafikiri kwanza. Runx au Allex yenye injini ya 2ZZ, farasi 190, naijua na naipenda, lakini mpya kuliko zote ni ya 2006. Nguvu yake inakaa juu ya mizunguko 6,000, na wengi waliokuwa nazo kabla yako walikaa hukohuko. Chochote chenye injini ya D-4 ya 2.0 (D-4 ni ile ya kupuliza mafuta ndani ya silinda moja kwa moja), ile 1AZ-FSE iliyofungwa kwenye Premio, Allion na Noah za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikimbie hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwangu ni zito kuliko jina la gari. Gari la haraka likichoka linakuwa gari la pole, na gari la kawaida likiwa zima linakushangaza. Mwaka 2012 nilinunua Altezza ya silinda sita kwenye yadi moja hapa mjini. Mimi, fundi. Ilikuwa nyeupe, imefuliwa, inanukia marashi ya ndimu, na injini ilikuwa inanguruma vizuri nilipofika. Wiki ya tatu gia boksi ikaanza kuteleza, nikikanyaga mshale wa mizunguko unapanda, gari limebaki palepale. Kitu nilichokosea ni kidogo: sikuigusa boneti. Ingekuwa ya moto ningejua wameiwasha na kuizungusha kabla sijafika.

Tangu siku ile nikienda kumkagulia mtu gari naenda saa moja asubuhi bila kupiga simu, na kitu cha kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti. Kama ina joto, narudi kesho. Injini ya baridi haijui kusema uongo: inawaka kwa mara moja au inatafuta, inatoa moshi wa bluu au haitoi, cheni inapiga kelele sekunde mbili ikanyamaza au inaendelea kulia kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo.

Kisha gia boksi. Shika breki, injini ikiwa imetulia, toa P weka D, halafu hesabu. Gari zima linashika kabla hujamaliza kusema moja, na hulisikii likishika zaidi ya kuinama kidogo. Mwezi uliopita nilikagua moja Kinondoni, nikaweka D, moja, mbili, kwenye tatu ikajigonga kama imesukumwa na bajaji kwa nyuma. Muuzaji akasema "inataka oili tu hiyo". Labda. Lakini mwambie basi aiweke yeye, tuje kesho. Na ukija kubadili oili ya gia boksi siku moja, soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti, kwa sababu T-IV na WS, oili mbili za gia boksi za Toyota, si kitu kimoja, na gia boksi ya CVT ina oili yake yenyewe. Nimeona gia boksi nzima ikiuawa kwa lita nne za oili ya rangi nyekundu "inayofanana".

Funua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa ya baridi. Unataka kuona kulanti ya rangi yake, si maji ya kutu. Kisha acha iwake mpaka ipate joto na utazame feni: inatakiwa ijiwashe na kujizima. Ikizunguka kuanzia ulipowasha swichi bila kupumzika, mtu ameiunga moja kwa moja, na hakuiunga kwa raha, lilikuwa linachemsha. Kuna mafundi pia wana dawa moja kwa kila gari linalochemsha, wanang'oa tamostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha, ndiyo, ila injini inafanya kazi bila kupata joto lake, inakula mafuta, inachanganya kizembe, na mteja anaambiwa "hizi ndivyo zilivyo".

Mvua za Dar zimetuletea kazi nyingine. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, wote, uutazame ule upande ambao hautoki kila siku. Watu huosha kapeti na viti, mkanda wanausahau. Ukiona mstari wa tope pale, gari hilo limewahi kuogelea, Jangwani au kwingine, na nyaya zake zitakusumbua mpaka uchoke. Chini ya gari tazama kutu. Magari yaliyotoka kaskazini ya Japani hukanyaga chumvi inayomwagwa kuyeyusha theluji, na hapa kwetu upepo wa bahari unaendelea alipoishia mwenzake.

Mwisho liendeshe. Lipandishe daraja la juu pale Ubungo, ukiwa 40, kanyaga bila kubania mpaka 70. Linatakiwa kushusha gia mara moja na kwenda. Likishusha, likapandisha, likashusha tena, au likitetemeka kama lina homa, umeshapata jibu.

Kuagiza au mkononi? Kwa magari ya umri unaoutafuta, ushuru unaumiza kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme TRA wamelithamini gari kwa milioni 5 mpaka bandarini. Nasema TRA, kwa sababu wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika, na wao hawafuati risiti yako. Ushuru wa forodha asilimia 25: 1,250,000. Sasa uko 6,250,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya 1,001 na 2,000 ni asilimia 5: 312,500. Gari limepita miaka kumi, linaongezwa asilimia 30 ya uchakavu: 1,875,000. Juu ya jumla hiyo VAT asilimia 18: 1,518,750. Jumla ya kodi ni kama 4,956,000, kabla ya tozo ndogondogo na wakala. Yaani umenunua gari mara mbili. Ona lakini mahali hela ilipokwenda: umri umekula milioni 1.9, ujazo wa injini umekula laki tatu. IST ya 1.5 na ya 1.8 zinalipa kiwango kilekile. Hata Mark X, inayolipa asilimia 10 badala ya 5, kwa thamani hiyohiyo ingezidi kwa chini ya laki nne. Anayekuambia "chukua injini ndogo ukwepe ushuru" hajakaa na kalamu.

Faida ya kuagiza ni kwamba unapata karatasi ya mnada yenye alama na kilomita, na gari halijawahi kupita mikononi mwa fundi wa kung'oa tamostati. Ubaya ni kwamba hulioni mpaka limefika. La mkononi unaliona, unaligusa, unalipandisha Ubungo. Kwa ile IST ya 1.8 ningeagiza, kwa sababu hapa zipo chache mno uchague. Kwa Swift au Auris ningetafuta la mkononi la namba D au E, nikikumbuka kwamba herufi ile inaeleza lilisajiliwa Tanzania lini na siyo lilitengenezwa lini. Namba E inaweza kuwa ya 2008. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, deni lisije likahamia kwako, na jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha aliyekaa mbele yako. "Ni la shemeji yangu yuko Mwanza" maana yake msubiri shemeji.

Vyovyote utakavyoamua, gari likufikie mkononi kwa milioni 16 na nusu, 17 likizidi sana. Ile tatu iliyobaki ina kazi. Wiki ya kwanza: oili na filta, oili ya gia boksi, plagi, kulanti, breki zikaguliwe, bushi na shokapu zilizokufa zitolewe, matairi manne yenye tarehe ya karibu. Usishangae ukikuta gari limeongezeka kasi baada ya plagi mpya na filta ya hewa. Lilikuwa nayo siku zote. Kinachobaki kilipie bima kubwa, angalau mwaka wa kwanza. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu, na ya kwako utaitazama.

Rimu za inchi 18 sasa. IST ya toleo la pili inakuja na 16. Rimu ya 18 na tairi lake jembamba ni nzito, na uzito unaozunguka ndio uzito mbaya kuliko wote: injini inauzungusha, breki zinauzuia, shokapu zinaurusha juu na chini kwenye kila shimo la Bunju. Utakuwa umelipia injini ya 1.8 kisha ukaifunga jiwe mguuni. Kama lazima upendezeshe, tafuta 16 nyepesi za aloi na tairi zuri, halafu funga nati za kufuli, maana za bei hiyo hazilali nje Bunju zikaamka zote nne.